Neno "OK": maana, asili na matumizi yake — maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bibi ambaye hajawahi kukaa darasa la Kiingereza, akimaliza kuzungumza na mjukuu wake kwenye simu, husema "haya, oke, oke" kisha hukata. Neno limeingia hadi jikoni, lakini wanaolitumia kila siku wakiulizwa limetoka wapi, kila mmoja ana hadithi yake. Na wanaojifunza Kiingereza hulichukulia kuwa jepesi mno, mpaka siku litakapowaponza. Yafuatayo ni maswali ninayokutana nayo zaidi kama mtu anayefundisha lugha hiyo, pamoja na majibu yangu.

OK maana yake hasa ni nini?

Maana ya msingi ni kwamba jambo limekubalika: halina kasoro ya kulizuia, liende. Basi. Makosa mengi ya wanafunzi wangu yanatokana na kulidhania kuwa ni neno la sifa. OK halisifu. Linapitisha tu, kama karani anayegonga muhuri bila kuinua macho. Ukikumbuka hilo, matumizi yake mengine yote yanakuwa rahisi kuyaelewa: kukubali ombi, kuuliza hali, kufungua mazungumzo, kuyafunga, hata kukataa.

Herufi O na K zinasimama badala ya maneno gani?

Zinasimama badala ya "oll korrect", yaani "all correct" iliyoandikwa makosa kwa makusudi. "All correct" ni kusema kila kitu ni sahihi. Kifupisho halali kingekuwa A.C., na utamu wa mzaha uko hapo hapo: herufi mbili zinazodai kila kitu ni sahihi, na zote mbili si sahihi. Kwa Kiswahili ni kama mhariri achukue "haki sawa", aiandike "aki zawa", halafu aifupishe A.Z. na asubiri wasomaji wacheke.

Nani alianzisha mzaha huo, na lini?

Magazeti ya Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1830. Wakati huo wahariri wa mji ule walishikwa na homa ya vifupisho. Waliandika N.G. kwa maana ya "no go", O.W. kwa "oll wright", K.Y. kwa "know yuse", yaani "no use". Kuandika kwa makosa kulikuwa kichekesho kinachopendwa sana Marekani zama hizo: mwandishi alijifanya mshamba asiyejua tahajia, na wasomaji waliosoma shule wakajiona werevu kwa kumwelewa.

Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post, lililohaririwa na Charles Gordon Greene, lilichapa habari fupi ya kutaniana na gazeti la Providence kuhusu chama kimoja cha mzaha cha pale Boston. Katikati ya sentensi zikatokea herufi "o.k.", na kando yake maelezo: "all correct". Ukweli kwamba ilibidi ziambatane na maelezo unaonyesha kuwa zilikuwa ngeni kwa msomaji wa siku ile. Hayo ndiyo maandishi ya zamani zaidi yanayotambuliwa na wataalamu ambamo OK ina maana hii tunayoijua.

Vifupisho vilikuwa vingi. Kwa nini hiki kikaishi na vingine vikafa?

Bahati ya siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili. Alizaliwa Kinderhook, kijiji cha jimbo la New York kilichoanzishwa na Waholanzi, na yeye mwenyewe alikua akizungumza Kiholanzi kabla ya Kiingereza. Wafuasi wake walimwita "Old Kinderhook", mzee wa Kinderhook. Herufi za mwanzo zikawa O.K., na mzaha wa Boston ulikuwa umeshaanza kusafiri. Wakaunda vilabu vya O.K. pale New York: ukisema "O.K." unasema mgombea wetu ni mzee wa Kinderhook, na papo hapo unasema kila kitu kiko sawa. Kampeni yoyote ingetamani kauli mbiu kama hiyo.

Wapinzani hawakulala. Walizigeuza herufi zile zile kuwa matusi, wakisema maana yake ni "Out of Kash, Out of Kredit", yaani hana pesa na hakopesheki, maana uchumi wa nchi ulikuwa umeanguka tangu 1837. Wengine wakamrukia Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren na rafiki yake, wakazusha kwamba herufi hizo alizianzisha yeye: eti alikuwa haijui tahajia, akawa anaidhinisha nyaraka za serikali kwa kuandika O.K. akidhani ndiyo "all correct". Ulikuwa uzushi mtupu, lakini ulieneza neno kuliko vilabu vyenyewe. Baadaye hata ilidaiwa kwamba kuna karatasi ya mahakama ya Tennessee ya mwaka 1790 yenye jina la Jackson na herufi O.K.; ilipochunguzwa ikabainika ni O.R., alama ya makarani ya kuonyesha kuwa amri imeandikishwa.

Van Buren alishindwa vibaya na William Henry Harrison. Neno lake likashinda.

Kisha ikaja telegrafu. Samuel Morse alituma ujumbe wake maarufu kutoka Washington kwenda Baltimore mwaka 1844, na ndani ya miaka michache makarani wa telegrafu na wa reli walihitaji alama fupi ya kusema ujumbe umefika, treni ipite. OK ilikuwa tayari inawasubiri. Nadhani hapo ndipo neno lilipoacha kuchekesha. Karani wa stesheni aliyepokea OK saa nane za usiku hakuwa na habari na mzaha wa wahariri wa Boston; alitaka kujua tu kama njia ni wazi.

Tulijuaje yote haya?

Kwa kazi ya mtu mmoja zaidi ya wengine: Allen Walker Read, mtaalamu wa lugha aliyefundisha Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwaka 1941 alichapisha ushahidi unaoliunganisha neno na uchaguzi wa 1840. Wengine wangeridhika. Yeye aliendelea kupekua magazeti ya zamani, wakati ambapo hakuna kompyuta ya kumtafutia, akarudi na mfululizo wa makala katika jarida la American Speech mwaka 1963 na 1964, akionyesha neno lilivyokuwapo Boston mwaka mmoja kabla ya uchaguzi. Kamusi kubwa za Kiingereza zinafuata maelezo yake mpaka leo.

Nimesikia kwamba OK ni neno la Afrika Magharibi lililofika Marekani na watumwa. Si kweli?

Swali hili huulizwa kwa moyo, na linastahili kujibiwa kwa heshima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 David Dalby, mtaalamu wa lugha za Afrika, alipendekeza kuwa chimbuko la OK ni Kiwolofu, lugha ya Senegali na Gambia. Kwa Kiwolofu "waaw" ni ndiyo, na "kay" huongezwa kutia mkazo, kwa hiyo "waaw kay" inakaribia "naam, hasa". Sauti zinafanana, maana inafanana, na Waafrika wa Senegambia kweli walipelekwa Marekani kwa maelfu. Juu ya hapo, kuna maneno mengine ya Kiingereza cha Marekani ambayo asili yake ya Kiafrika haina ubishi. "Gumbo", mchuzi wa bamia wa Louisiana, ni mojawapo. Jina lake limetokana na lugha za Kibantu za upande wa Angola.

Tatizo ni daraja. Ili nadharia ya Kiwolofu isimame, tungetarajia kulikuta neno katika maandishi ya majimbo ya Kusini, kulikokuwa na watumwa wengi, kabla ya 1839 na likiwa na umbo na maana hiyo. Wanaoitetea huonyesha mifano ya "kay" ikiwa peke yake katika maneno yaliyonukuliwa kutoka kwa Mwafrika mwishoni mwa karne ya 18, lakini hiyo si OK. Kwa upande wa Boston tunalo gazeti, tarehe, na maelezo ya mhariri mwenyewe. Inawezekana kabisa kwamba Mmarekani mweusi aliyekua akisikia "waaw kay" nyumbani aliipokea OK kwa wepesi kuliko mwenzake, na hilo halipingani na gazeti. Lakini kusema neno lilitoka Senegali, kwa ushahidi uliopo, mimi siwezi, ingawa ningependa.

Na zile hadithi nyingine, za Wahindi Wekundu, Wagiriki, vita?

Ya Wachoktaw, wenyeji wa kusini-mashariki mwa Marekani, ina uzito kidogo kwa sababu lugha yao ina neno linalosikika kama "okeh", lenye maana ya "ndivyo ilivyo". Rais Woodrow Wilson aliiamini, na alipoidhinisha nyaraka aliandika "okeh". Lakini imani ya rais si ushahidi.

Ya Wagiriki inadai ni "ola kala", yaani mambo yote mazuri. Kufanana kwa bahati tu.

Ile ya vita ndiyo inayosambazwa sana kwenye WhatsApp: eti baada ya mapigano makamanda waliandika "0 killed", hakuna aliyeuawa, na sifuri na K zikawa OK. Mara nyingi inatajwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Vita hivyo vilianza 1861. Neno lilikuwa limeshachapwa gazetini miaka 22 kabla. Ukiletewa hadithi hiyo, mjibu kwa tarehe.

Niandike OK, O.K., ok, okay au okey?

OK na okay zote ni sahihi, Marekani na Uingereza. Waandishi wa habari wengi wa Marekani, wanaofuata mwongozo wa shirika la Associated Press, huandika OK kwa herufi kubwa. Kwenye hadithi na riwaya utakutana zaidi na okay, kwa sababu herufi kubwa mbili katikati ya maneno ya mhusika zinakuwa kama zinapiga kelele. O.K. yenye nukta bado ipo kwenye machapisho machache ya mtindo wa kale. "Ok" yenye k ndogo imejaa kwenye simu, ila kwenye maandishi rasmi iepuke.

"Okey" ni yetu. Naiona kila siku Dar es Salaam na Nairobi, na inaeleweka ilikotoka: mtu anaandika anavyosikia. Kwa Kiingereza haipo, isipokuwa ndani ya "okey-dokey", namna ya kitoto na ya utani ya kukubali iliyoenea miaka ya 1930. Chagua OK au okay, kisha usibadilishe katikati ya andiko.

Ni neno la aina gani kisarufi?

Karibu aina zote, na hiyo ni nadra. Kivumishi: "The tyres are OK", matairi hayana tatizo. Kielezi: "She sings OK", anaimba vya kuridhisha. Nomino: "We are waiting for the manager's OK", tunasubiri idhini ya meneja. Kitenzi: "The manager okayed it", meneja ameidhinisha, wanaoandika OK huandika OK'd. Kihisishi: "OK, let's go", haya, twende.

Kwenye kitenzi kuna mtego. Kuokei jambo kwa Kiingereza ni kuliidhinisha, na anayeidhinisha lazima awe na mamlaka. Mfanyakazi mdogo hawezi kusema "I okayed the boss's plan" bila kuchekwa. Atasema alikubaliana nao.

Mgeni nimemkaribisha chai, akajibu "I'm OK". Nimimine au nisimimine?

Usimimine. Anakataa kwa adabu. "I'm OK" hapo ina maana nimetosheka, sihitaji. Mara nyingi wataongeza "thanks", lakini si lazima. Najua inavyouma: kwetu mgeni hakatai chai kwa neno moja, na mwenyeji hakubali kukataliwa mara moja. Mswahili akikataa ataeleza kwamba ametoka kunywa sasa hivi, na hata hivyo ataishia kuonja. Mzungumzaji wa Kiingereza hadharau. Kwake maneno hayo yanatosha.

Kinyume chake pia kina hatari. Wewe ukiwa mgeni wao na una njaa, ukaulizwa kama utakula, usijibu "I'm OK" ukitegemea kubembelezwa. Hutabembelezwa. Utalala njaa. Sema "Yes, please".

Siku hizi vijana wa mijini nao husema "niko sawa" wakikataa kitu, na sidhani kama wamelitoa kwingine.

Bosi ameandika "Your report is okay". Nifurahi?

Pumua, usifurahi sana. Amesema ripoti imepita, hakusema ni nzuri. Akiongeza "but", soma kwa makini kinachofuata, kwa sababu ndicho alichotaka kusema. Mizani kwa wenye lugha yao inakwenda hivi takriban: "excellent", kisha "very good", kisha "good", kisha "fine", na "okay" iko chini ya hapo, juu kidogo ya mbaya. Ukimuuliza mtu chakula kilikuwaje akasema "It was okay", mpishi asiambiwe.

Kosa letu kubwa ni kutumia neno hili kusifu. Mwanafunzi anaandika barua ya shukrani kwa mfadhili: "Your support was okay." Moyoni anamaanisha msaada umemfaa sana. Msomaji anaelewa kwamba msaada ulikuwa hivyo hivyo tu. Kama unashukuru, tumia "wonderful", au sema wazi msaada ulikufanyia nini.

Sauti nayo hubadilisha maana. "It's OK!" kwa sauti ya juu na tabasamu inaweza kuwa faraja kwa mtu aliyevunja glasi yako. "It's... okay", kwa kuvuta, ni lawama.

Tofauti ya "Are you OK?" na "Is that OK with you?" ni ipi?

La kwanza linauliza hali yako, na kwa kawaida linaulizwa pale ambapo kuna dalili kwamba hali si nzuri: umeanguka, unalia, umenyamaza ghafla. Si salamu. Ukimsalimia Mwingereza kila asubuhi kwa "Are you OK?" kwa mkazo mzito ataanza kujitazama kwenye kioo. Ingawa, na hapa Kiingereza kinakera, baadhi ya Waingereza husalimiana kwa "You OK?" nyepesi, na jibu lake ni fupi tu, kama la "mambo?".

La pili linauliza kama unaridhia. "Is Thursday OK with you?" Alhamisi itakufaa? Ukitaka kuomba ruhusa, sema "Is it OK if I leave early?" na kitenzi baada ya "if I" kibaki katika wakati uliopo, hata kama kuondoka ni baadaye.

Je, kujibu "OK" au "K" kwenye ujumbe ni ukosefu wa adabu?

Inategemea ujumbe. Mtu akikuandikia kwamba atachelewa dakika kumi, "OK" inatosha. Akikuandikia aya tatu kueleza kwa nini ameumizwa na maneno yako, "OK" ni mlango uliofungwa usoni. "K" peke yake, kwa vijana wengi wanaoandikiana kwa Kiingereza, inasomeka kama hasira, wakati "kk" inasomeka kama uchangamfu. Usiniulize mantiki.

Nasi tuna ya kwetu. "Sawa" yenye nukta mwishoni, kutoka kwa mtu ambaye kawaida huandika "sawa mpenzi", imeshavuruga nyumba nyingi.

Naweza kulitumia kwenye mtihani au barua rasmi?

Kwenye insha ya mtihani, liache ndani ya mazungumzo ya wahusika tu. Penye haja ya kusema kitu kinaridhisha, andika "acceptable" au "satisfactory". Kwenye barua pepe ya kazini kati ya watu wanaofahamiana halina ubaya. Kwa mtu usiyemjua au aliyekuzidi cheo, afadhali umjibu kwa sentensi kamili inayoonyesha umeelewa alichoagiza na utakifanya lini.

Kwa nini inasemekana marubani hawatakiwi kusema "OK" kwenye redio?

Kwa sababu halisemi ni nini kilichokubaliwa. Je, nimekusikia? Nimekuruhusu? Nakubaliana nawe? Nimemaliza kuongea? OK inaweza kuwa yote hayo.

Tarehe 27 Machi 1977, uwanja wa Los Rodeos katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, ulifunikwa na ukungu. Ndege mbili aina ya Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia: moja ya KLM ikiwa tayari upande mmoja, nyingine ya Pan Am ikitambaa kuelekea kwake. Rubani wa pili wa KLM alitangaza kwamba wako "at take-off". Mwongozaji wa ndege akajibu "OK", akatulia kidogo, ndipo akaongeza kwamba wasubiri, atawaita. Katika sekunde hizo hizo Pan Am nao walifungua redio kusema bado wako kwenye njia. Mawimbi yakagongana, ukatoka mluzi. Ndani ya chumba cha marubani wa KLM kilichosikika wazi ni "OK". Ndege ilikuwa inakimbia tayari. Walikufa watu 583, na hakuna ajali ya ndege iliyoua wengi kuliko hiyo hadi leo.

Haitakuwa haki kulitwisha neno moja mzigo wote. Ukungu ulikuwapo, uwanja ulikuwa umefurika ndege zilizoelekezwa pale baada ya bomu kulipuka uwanja mwingine, na rubani mkuu wa KLM alianza kuondoka bila kibali. Lakini baada ya hapo lugha ya redio ilikazwa. Neno "take-off" likawekewa uzio, litumike pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au kufutwa. Rubani anatakiwa kuyarudia maagizo muhimu jinsi alivyoyasikia, na kwa kukubali yapo maneno yenye maana moja moja: "affirm" ni ndiyo, "roger" ni nimepokea, "wilco" ni nimepokea na nitatekeleza.

Ishara ya kidole gumba na cha shahada kuunganishwa duara nayo ni OK?

Kwa Wamarekani, ndiyo, kwa muda mrefu. Lakini usiibebe kila mahali. Brazili na Uturuki ni tusi. Ufaransa inaweza kuwa sifuri, yaani bure kabisa. Japani ni pesa. Na Marekani kwenyewe, tangu mwaka 2017 hivi, ilianza kuchezewa mtandaoni kama alama ya wabaguzi weupe, kwanza kwa mzaha kisha kwa kweli, hadi mwaka 2019 shirika la Anti-Defamation League likaiorodhesha miongoni mwa alama za chuki, likisisitiza kwamba wengi wanaoitumia bado hawana nia hiyo.

Mahali ambapo hutakiwi kuiogopa ni chini ya maji. Wazamiaji wa Mafia, Pemba au Watamu huitumia kwa maana moja tu: niko salama. Ukiwa huko usiinue dole gumba kuonyesha mambo ni mazuri, maana kwao dole gumba juu ni amri ya kupanda, na mwenzako ataanza kukupeleka juu.

Kitufe cha OK kwenye kompyuta kilitoka wapi?

Kuna kisa kinachosimuliwa na waliokuwa Apple mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wanaitengeneza kompyuta ya Lisa. Kitufe cha kuthibitisha kiliandikwa "Do It". Watu walioletwa kuijaribu wakawa wanasita, na mmoja akauliza kwa hasira kwa nini mashine inamwita mpumbavu: katika mwandiko ule wa skrini alisoma "dolt". Wakabadilisha wakaweka OK. Simu ya Android ukiiweka kwa Kiswahili, kitufe hicho huandikwa "Sawa".

A-OK je?

Ni OK iliyotiwa chumvi, kila kitu barabara kabisa. Ilipata umaarufu Mei 1961, Alan Shepard alipokuwa Mmarekani wa kwanza kwenda angani, na msemaji wa safari hiyo, John Powers, akairudia mbele ya waandishi wa habari.

Kiswahili chake ni kipi?

"Sawa" ndiyo inayolikaribia zaidi, na yenyewe ina safari yake kutoka Kiarabu, ambako ni usawa, mambo mawili kulingana. Lakini OK moja ya Kiingereza kwetu imegawanywa. Ukikubali agizo la mzazi ni "ndiyo, mama" au "haya". Ukifungua jambo ni "haya" au "basi". Ukiidhinisha waraka ni "nimeridhia" au "imeidhinishwa". Ukisikia habari inayokupendeza ni "ewaa". Ukisema gari haina tatizo ni "zima" au "haina neno". Ukijibu mtani wako ni "poa" au "freshi". Anayetafsiri OK kuwa "sawa" kila ikitokea anatoa Kiswahili kisicho na ladha, hasa kwenye manukuu ya filamu, ambako mhusika anaishia kusema "sawa, sawa, sawa" toka mwanzo hadi mwisho.

Wanaolitamka lenyewe ndani ya Kiswahili nao wamegawanyika. Anayesema "oke" huweka mkazo kwenye "o", kama kanuni yetu ya silabi ya pili kutoka mwisho inavyotaka. Anayesema "okei" kwa silabi tatu, kwa kanuni ile ile, mkazo unaangukia "ke", na bila kukusudia anamkaribia zaidi Mwingereza.

Naweza kusema "very OK"?

Afrika Mashariki utaisikia, na wote tutakuelewa. Huko lilikozaliwa neno, hapana: kitu ama kimepita au hakijapita, kwa hiyo hakiongezeki kwa "very". Husemwa "perfectly OK" au "totally OK", na hiyo ni kumtoa mtu wasiwasi kwamba hakuna tatizo hata kidogo. Si sifa.